Vipimo Vilivyoishi Kuliko Viwanda: Historia ya Vipuri vya Mashine Kongwe za Kukereza Chuma

Mashine ya kukereza chuma, ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita leithi, huzungusha kipande cha chuma kilichobanwa imara huku kisu kigumu kikikisogelea na kukimenya kidogo kidogo mpaka kipate umbo la mviringo na kipimo kinachotakiwa. Ni mashine inayodumu sana. Kitanda chake, yaani ule mwili mrefu wa chuma cha kusubu ambao sehemu nyingine zote hukaa au huteleza juu yake, hakivunjiki kirahisi wala hakiliwi na kutu kikipakwa mafuta, na ndiyo maana mashine zilizotoka kiwandani kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia bado zinafanya kazi, ilhali viwanda vingi vilivyozitengeneza vimefungwa na michoro yake imetawanyika. Kinachokwisha ni vitu vidogo: gia iliyovunjika jino, nati iliyolika, bushi, mkanda, na vile vifaa vya ziada ambavyo bila hivyo mashine nzima haifai kwa kazi zaidi ya moja au mbili. Historia ya namna mafundi walivyovipata vitu hivyo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya vipimo, kwa kuwa kipuri kilichofuata kipimo kinachotumiwa na watu wengi kimeendelea kupatikana hata baada ya kiwanda chake kufa, na kile ambacho mtengenezaji alikifanya mali yake peke yake kimezikwa pamoja naye.

Mwishoni mwa karne ya 18 hapakuwa na kipuri kwa maana inayofahamika leo, yaani kitu kinachotoka ghalani kikaingia moja kwa moja mahali pa kile kilichoharibika. Bolti na nati yake zilichongwa kama jozi na kutiwa alama ya pamoja ili zisipoteane, na fundi aliyezichanganya wakati wa kufungua mashine alijitafutia kazi ya siku nzima, kwa kuwa nati ya bolti moja haikuingia kwenye bolti ya pili hata kama zote zilitoka mkononi mwa mtu mmoja. Sababu ilikuwa hesi, yaani mfuo unaojiviringisha kuuzunguka mwili wa bolti na kuiwezesha kukaza: kila karakana iliikata kwa umbali na kina ilichoona kinafaa. Mmoja wa waliobadilisha hali hiyo kwa kiasi kikubwa ni Henry Maudslay (1771–1831), fundi aliyeanza kazi katika ghala la silaha la serikali huko Woolwich kabla ya kufungua karakana yake London, ambaye kufikia mwaka 1800 hivi alikuwa ameunda mashine ya kukereza ambayo kisu chake hakikuongozwa na mkono bali na skrubu ndefu ya kuongozea, iliyounganishwa kwa gia na mhimili unaozunguka. Kwa kubadilisha gia hizo, skrubu ileile iliweza kuzaa hesi za umbali tofauti, na kila hesi ikatoka sawa na ile iliyokatwa jana yake. Seti ya gia za kubadilishia ni miongoni mwa vifaa vya ziada vya kwanza katika historia ya mashine hii, na hadi leo hupotea mapema, kwa kuwa hukaa sandukuni, nje ya mashine, na asiyejua huziona kama vyuma visivyo na mwenyewe.

Maudslay alisawazisha hesi ndani ya karakana yake tu. Aliyevuka kizingiti hicho ni mwanafunzi wake, Joseph Whitworth, aliyefungua karakana Manchester mwaka 1833, na ambaye mwaka 1841 aliwasilisha mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi mjini London pendekezo la mfumo mmoja wa hesi kwa nchi nzima. Njia aliyoitumia ilikuwa ya kidiplomasia kuliko ya kisayansi, na pengine ndiyo sababu ilifaulu: alikusanya bolti kutoka karakana mbalimbali za Uingereza, akazipima, akachukua wastani wake, hivyo kwamba hapakuwa na mwenye karakana aliyeweza kudai kwamba kipimo cha mshindani wake kimependelewa. Pembe ya mfuo ikawa nyuzi 55, ncha na mashina yake yakaviringwa, na kila unene wa bolti ukapangiwa idadi maalumu ya hesi kwa kila inchi moja ya urefu. Kampuni za reli ziliufuata mfumo huo, na kupitia reli na meli ukasambaa katika makoloni. Hata Wajerumani, ambao walipima vitu vyao kwa milimita, waliendelea kutumia hesi za Whitworth kwa miongo mingi kabla ya kuzigeukia hesi za milimita.

Masalia ya kazi hiyo yamo majumbani mwa watu wasiowahi kuisikia. Bomba la maji linaloitwa la nusu inchi katika maduka ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala lina hesi 14 kwa inchi, zenye pembe ya nyuzi 55, na unene wake wa nje unakaribia milimita 21, kwa kuwa nusu inchi ilikuwa upana wa tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Nchi zimehamia mita na kilo, lakini bomba halikuhama, kwa sababu kila koki, kiungo na tangi lililokwisha kufungwa lingelazimika kubadilishwa kwa mara moja.

Marekani ilichagua njia yake. Mwaka 1864 William Sellers, mtengenezaji wa mashine wa Philadelphia, alipendekeza mbele ya Taasisi ya Franklin hesi yenye pembe ya nyuzi 60 na ncha bapa, ambayo ilikuwa rahisi zaidi kuikata na kuipima kuliko ile ya kuviringwa. Matokeo yake ni mtego ambao bado unawanasa wanaotengeneza mashine kongwe: katika unene mwingi, bolti ya Kiingereza na ile ya Kimarekani zina idadi sawa ya hesi kwa inchi, hivyo nati ya moja huingia kwenye nyingine kwa mizunguko kadhaa, ikionekana imekubali, kisha hukaza vibaya na kuharibu hesi za zote mbili kwa sababu pembe hazilingani. Katika unene wa nusu inchi hata idadi yenyewe hutofautiana, 12 kwa Whitworth na 13 kwa Sellers. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Packard ya Detroit ilipopewa kazi ya kutengeneza injini za ndege za Merlin zilizobuniwa Uingereza, ililazimika kutengeneza yenyewe vifaa vya kukatia hesi za Kiingereza kwa kuwa havikupatikana nchini mwake. Usumbufu wa namna hiyo ndio uliozifanya Uingereza, Marekani na Kanada zikubaliane mwaka 1948 juu ya hesi moja ya pamoja, iliyochukua pembe ya nyuzi 60. Kwa fundi wa leo, makubaliano hayo yana maana moja ya moja kwa moja: kabla ya kutafuta bolti ya mashine kongwe ni lazima kujua nchi iliyoitengeneza na kama ni ya kabla au baada ya mabadiliko hayo, ingawa viwanda vingi havikubadilika kwa siku moja na mashine nyingine huwa na mchanganyiko.

Kipimo cha pili chenye umuhimu kama huo kilitoka kwa mtengenezaji wa drili. Stephen Morse wa Massachusetts alipata hataza ya drili yenye mifuo ya kujipinda mwaka 1863, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni ya kuitengeneza. Jina lake linabebwa na mchongoko wa Morse, yaani shina lenye umbo la pia iliyorefuka, linalopungua unene kwa takriban sehemu 1 katika kila sehemu 20 za urefu wake, na ambalo hushika lenyewe likisukumwa ndani ya tundu lenye mteremko uleule, bila bolti wala pini, mpaka litolewe kwa kabari. Mashine kongwe ya kukereza huwa na tundu kama hilo katika kichwa chake na jingine katika kichwa cha nyuma, ambacho ni kile kizito kinachoteleza kitandani na kushikilia mwisho wa pili wa kazi. Kwa sababu hiyo drili, ncha ya kuegemezea au kishikio cha drili kilichotengenezwa mwaka huu huko Asia huingia bila matata katika mashine iliyotengenezwa Leicester au Cincinnati miaka 90 iliyopita, mradi namba ya mchongoko iwe moja, kati ya 0 na 7.

Inafaa kusema kwamba mchongoko wa Morse si kazi nzuri ya kihesabu. Mteremko wake hutofautiana kidogo kutoka namba hadi namba: namba 2 hupungua inchi 0.59941 kwa futi, namba 3 inchi 0.60235, namba 4 inchi 0.62326, bila kanuni inayoeleweka. Mwishoni mwa karne ya 19 ulibuniwa mchongoko mwingine, uliojulikana kama Jarno, ambao vipimo vyake vyote vilitoka kwenye namba yake: mteremko ulikuwa inchi 0.6 kwa futi daima, unene wa mwisho mdogo ulikuwa namba hiyo ikigawanywa kwa 10, wa mwisho mkubwa ikigawanywa kwa 8, na urefu ikigawanywa kwa 2, vyote kwa inchi. Mtu angeweza kuukumbuka kichwani bila kitabu. Hata hivyo watengenezaji wachache waliutumia, na mwenye mashine ya Jarno leo hulazimika kukereza vifaa vyake mwenyewe au kutafuta bushi ya kugeuzia, wakati mwenye mashine ya Morse hununua dukani. Kipimo kilishinda kwa kuenea, na ubora wa hesabu zake haukuwa na uzito mkubwa.

Palipokosekana makubaliano ni kwenye pua ya mhimili, yaani ncha ya mbele ya ule mhimili unaozunguka, ambako hufungwa kibanio chenye taya tatu au nne kinachokamata kazi. Kila kampuni ilikata hesi za pua yake kama ilivyopenda. Mashine ndogo ya South Bend ya inchi 9 ina pua yenye unene wa inchi 1½ na hesi 8 kwa inchi; ile ya Myford ML7 ina inchi 1⅛ na hesi 12. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya busara: kibanio kilitengenezwa na kiwanda kingine bila kujua kitaenda kwenye mashine gani, na kati yake na pua kikawekwa bamba la kuungia, ambalo ni diski ya chuma cha kusubu inayokatwa hesi za mashine husika. Fundi hununua diski ghafi, huikata hesi kwenye mashine yake mwenyewe, huifunga kwenye pua yake, kisha huusawazisha uso wake ikiwa hapohapo, ili kibanio kitakachokaa juu yake kizunguke bila kuyumba. Hivyo mashine hujitengenezea kiungo chake na ulimwengu wa nje. Kibanio chenyewe, kwa upande mwingine, hakina huruma hiyo: taya zake husawazishwa kiwandani zikiwa ndani yake, hutiwa namba 1, 2 na 3, na taya za kibanio kingine, hata cha jina na ukubwa uleule, mara nyingi hazikamati katikati. Kibanio kizuri kilichopoteza taya zake hakina thamani kubwa kuliko uzito wake wa chuma.

Kampuni zilizotajwa hapo juu zinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa zinaonyesha njia tofauti za kifo cha kiwanda. South Bend Lathe Works ilianzishwa mwaka 1906 katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, na mapacha wawili, John na Miles O'Brien. Mashine yake ya inchi 9 ilitolewa kwa aina tatu: C, iliyokuwa na gia za kubadilishia tu, B, iliyoongezewa mwendo wa mashine wa kuvuka kazi, na A, iliyokuwa na sanduku la gia linalobadilishwa kwa mkono wa chuma. Kitanda na kichwa vilikuwa vya familia moja, hivyo mwenye C aliyeokota sanduku la gia na sehemu nyingine chache kutoka mashine iliyokufa aliweza kuipandisha iwe A. Namba ya mashine iligongwa mwishoni mwa kitanda, upande wa kichwa cha nyuma, na kiwanda kiliweka kadi ya kila mashine iliyoonyesha ilivyokuwa ilipotoka na ilikopelekwa. Kampuni iliuzwa kwa wafanyakazi wake mwaka 1975, na baadaye jina lake likahamia mikononi mwa wengine, lakini kadi na orodha za vipuri zilihifadhiwa, na huo ndio urithi wake wenye manufaa zaidi kwa mafundi wa leo.

Kampuni ya Atlas ya Kalamazoo, Michigan, ilifuata soko la bei nafuu, na mashine zake nyingi ziliuzwa na duka la Sears kwa jina la Craftsman. Ili kupunguza gharama, gia zake za kubadilishia hazikukatwa kwenye chuma bali zilimiminwa kwenye kalibu kwa mchanganyiko wa zinki uitwao Zamak. Gia hizo zilifanya kazi kimya na kwa usahihi wa kutosha, lakini meno yake humeguka mashine inapokwama ghafla, na zinki isiyosafishwa vizuri huoza kwa ndani na kupasuka bila kuguswa na mtu. Hapa pia kipimo cha pamoja kilikuwa mkombozi, kwa sababu ukubwa wa jino ulifuata mfumo wa kawaida na gia ya chuma yenye idadi ileile ya meno inaweza kuchukua nafasi hiyo.

Myford ilianzishwa mwaka 1934 na Cecil Moore huko Beeston, karibu na Nottingham, na mwaka 1946 ikatoa ML7, mashine ndogo yenye kimo cha inchi 3½ kutoka kitandani hadi katikati ya mhimili, iliyokusudiwa karakana ndogo na watu waliounda injini za mfano majumbani. Ubora wake mkubwa kihistoria ni ukaidi: mashine iliyoifuata, Super 7, ilibaki na pua ileile na mchongoko uleule wa Morse namba 2, hivyo kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya ya kwanza kilifaa kwa ya pili. Kwa kuwa soko lilikuwa kubwa na halibadiliki, watengenezaji wadogo wengi wa Uingereza walianza kutoa vifaa vyake. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2011 na jina na akiba yake kuuzwa, wenye mashine hawakubaki yatima. Beringi za ML7 za mwanzo zilikuwa za metali nyeupe, mchanganyiko laini wa bati uliotokana na uvumbuzi wa Isaac Babbitt wa mwaka 1839, na chini ya vifuniko vyake kulikuwa na vibamba vilivyoundwa kwa tabaka nyembamba zinazobanduliwa moja moja kadiri beringi inavyolika. Huo ulikuwa usanifu wa mtu aliyejua kwamba mnunuzi wake anaweza kuwa mbali na kiwanda.

Pale ambapo kipuri hakipatikani dukani, mafundi wa nchi zote wamefuata njia ileile inayotumika kwa magari, yaani kuchinja: mashine iliyopasuka kitanda hununuliwa kwa bei ya chuma chakavu, ikafunguliwa, na viungo vyake vikauzwa kimoja kimoja. Biashara hiyo huokoa mashine nyingi, ingawa ina madhara yake, kwani mashine nzima yenye kasoro ndogo huweza kuleta fedha zaidi ikichinjwa kuliko ikiuzwa nzima. Tena vipuri vya mashine iliyochinjwa huwa vimelika mahali palepale vilipolika vya mnunuzi. Skrubu ya kuongozea, kwa mfano, hulika zaidi karibu na kichwa kwa sababu kazi nyingi ni fupi na hufanyika hapo, na mafundi wengine, badala ya kutafuta nyingine, huigeuza mwisho kwa mwisho, wakakereza upya ncha zake, na sehemu iliyokuwa imelala bila kazi ikashika zamu.

Njia ya mwisho, na kwa maoni ya mafundi wengi ndiyo bora, ni kuchonga. Gia iliyovunjika huweza kutambuliwa hata ikiwa haina maandishi. Katika mfumo wa inchi, idadi ya meno huongezwa 2, kisha hugawanywa kwa upana wa nje wa gia: gia ya meno 40 yenye upana wa inchi 2.1 hutoa 42 kwa 2.1, yaani 20, na hiyo ndiyo namba ya jino la gia za kubadilishia za Myford. Katika mfumo wa milimita hesabu hugeuzwa, upana ukigawanywa kwa idadi ya meno iliyoongezwa 2, na jibu huitwa moduli. Namba 20 ya inchi ni sawa na moduli 1.27, ambayo iko karibu mno na moduli 1.25 inayopatikana madukani, kiasi kwamba gia ya pili huonekana inaingiliana na ya kwanza, huku ikinguruma na kula meno ya mwenzake. Aidha mashine kongwe nyingi zilitumia meno yenye pembe ya msukumo ya nyuzi 14½, wakati gia za sasa hutumia nyuzi 20, na hizo mbili hazichanganywi.

Gia yenye historia ya pekee ni ile ya meno 127. Mwenye mashine ya inchi anayetaka kukata hesi za milimita anahitaji kuugeuza uwiano wa vipimo viwili kuwa meno, na kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na 25.4 ni 127 ikigawanywa kwa 5, na 127 ni namba tasa isiyogawanyika, hakuna gia ndogo zaidi inayoweza kutoa jibu kamili. Ukamilifu huo wenyewe ni wa juzi. Carl Edvard Johansson wa Sweden aliichagua 25.4 kwa vipande vyake vya kupimia mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vikamfuata, na mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola zikaithibitisha rasmi. Gia ya meno 127 ni kubwa na haienei katika mashine ndogo, hivyo watengenezaji kadhaa walitoa badala yake gia ya meno 63 au 21, zenye kosa dogo lisiloonekana katika bolti fupi. Fundi anayekuta gia ya meno 127 katika sanduku la vyuma chakavu ameokota kitu ambacho thamani yake haionekani kwa macho.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya reli. Reli ya Uganda, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ilikuja na karakana za vipimo vya Kiingereza, wakati Reli ya Kati ya Wajerumani, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipimwa kwa milimita. Umbali na viwanda vya Ulaya ulizilazimisha karakana hizo kuwa viwanda vidogo vya vipuri tangu mwanzo, na vita vilidhihirisha jambo hilo. Mwezi Septemba 1914, baada ya manowari ya Kijerumani Königsberg kuizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kiungo cha injini yake kilivunjika ikalazimika kujificha katika delta ya Rufiji, na kiungo hicho kikapelekwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kukiagiza Ujerumani. Meli hiyo ilipoangamizwa mwezi Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, ikatengenezwa na kuundiwa magurudumu Dar es Salaam, ikatumika nchi kavu.

Baada ya uhuru, nchi za eneo hili zilihamia vipimo vya mita mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini mashine za karakana zilibaki na inchi zake. Juu ya hizo zikaja mashine za Kichina za milimita pamoja na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kuacha karakana yake ya Mang'ula, katika bonde la Kilombero. Na huko Kilimanjaro kikajengwa kiwanda cha zana za mashine kwa msaada wa Bulgaria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, karakana kuu ya reli ya pamoja ikabaki Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, hivyo Tanzania ikalazimika kujitegemea kwa vipuri wakati uleule ambapo Vita vya Kagera na bei ya mafuta vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni. Bushi ndogo kutoka Uingereza ilihitaji kibali cha kuagiza na mgao wa fedha. Katika hali hiyo kuchongesha kipuri, yaani kumpelekea mkerezaji kile kilichovunjika ili atoe kingine kama hicho, kulikoma kuwa jambo la dharura kukawa desturi, iliyoungwa mkono na karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, na kuendelezwa na mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, kama ilivyokuwa kwa wenzao wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi.

Mafundi hao wamefanya kazi kubwa kwa mashine za watu wengine kuliko kwa zao. Mashine ileile inayochonga bushi za matrela na shafti za pampu mara nyingi huwa imebakiwa na gia chache, haina kibamba cha jina, na kibanio chake kina taya moja isiyokuwa yake. Hali hiyo inarekebishika kwa gharama ndogo kabla mambo hayajaharibika zaidi. Wenye karakana, vyuo vya ufundi na taasisi za umma zinazouza mashine kongwe kwa mnada wanaombwa kuorodhesha gia za kila mashine kwa idadi ya meno, kuandika namba iliyogongwa kitandani, unene na hesi za pua ya mhimili na namba ya mchongoko, na kuuza sanduku la vifaa pamoja na mashine yake badala ya kulipeleka kwenye mzani wa chuma chakavu. Mashine ya kukereza isiyo na gia zake za kubadilishia bado itakereza shafti, lakini haitakata hesi, na mnunuzi anayejua kazi huanza kwa kuuliza sanduku hilo liko wapi.